Majalada ya Stasi na Somo Tusilolifundisha

Takriban kila mwanafunzi anayeingia katika ukumbi wangu wa mihadhara anaweza kunitajia majina ya madikteta watano bila kusitasita. Hitler, Stalin, Idi Amin. Yamemkaa ulimini kama jedwali la kuzidisha. Lakini nikimwuliza ni nani hasa waliokuwa wakiandika, kupiga muhuri na kuhifadhi ripoti ambazo kwazo watu walikamatwa alfajiri, hunitazama kana kwamba nimemwuliza umri wa bahari. Lawama si yake. Sisi walimu ndio tuliomzoesha kudhani kwamba udhalimu ni hasira za mtu mmoja, ilhali aghalabu ni kazi ya ofisi yenye madaftari ya mahudhurio, kupandishwa vyeo na malipo ya uzeeni.

Mfano ufaao darasani, kwa maoni yangu, ni Wizara ya Usalama wa Taifa ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki, maarufu kwa jina la Stasi. Sisemi kwamba ilikuwa katili kuzishinda zote. Polisi wa Stalin waliua watu wengi mno kuliko wao. Inafaa kwa sababu karatasi zake zimesalia, nazo zikipangwa rafuni hufikia urefu wa kilomita 111 hivi.

Wizara hiyo iliundwa tarehe 8 Februari 1950 kwa sheria yenye vifungu viwili tu. Cha kwanza kilisema wizara imeundwa. Cha pili kilisema sheria imeanza kutumika. Itafanya kazi gani, mipaka yake ni ipi, raia aliyeonewa ashtaki wapi? Kimya. Pengo hilo lilijazwa na chama tawala cha SED. Stasi yenyewe ilijiita ngao na upanga wa chama, na Erich Mielke, aliyeiongoza tangu 1957 hadi 1989, aliwajibika kwa kiongozi wa chama wala si kwa bunge.

Makao makuu yalikuwa barabara ya Normannenstrasse, Berlin Mashariki. Humo mlikuwa na idara kuu zilizogawanywa kwa shabaha: moja ya kupambana na majasusi wa kigeni, nyingine ya kufungua barua kwa mvuke, nyingine ya kusikiliza simu, na Idara Kuu ya XX iliyoyaangalia makanisa, waandishi, wanamichezo na vyuo vikuu. Idara hizo zilikuwa na vivuli vyake katika mikoa yote 15, na chini ya mikoa kulikuwa na ofisi za wilaya zaidi ya 200. Kufikia mwaka 1989 maafisa wa kuajiriwa walikuwa 91,000 hivi katika nchi ya watu milioni 16, yaani afisa mmoja kwa kila watu 180. Juu ya hao kulikuwa na wapasha habari wa siri. Makadirio yanayotajwa sana ni zaidi ya 170,000, ingawa wapo wanahistoria wanaodai kwamba idadi hiyo imetiwa chumvi.

Siri ilihifadhiwa hata dhidi ya watunza siri. Kadi yenye jina halisi la mtu ilikaa kabati moja na kubeba namba ya usajili tu. Kadi yenye namba hiyo pamoja na jina la siri ilikaa kabati jingine. Aliyeshika moja bila ya pili hakujua kitu. Nami, kwa kuwa ni mtu wa isimu, sikuweza kujizuia kushangaa niliposoma kwamba kadi za majina zilipangwa kwa kufuata matamshi badala ya tahajia, ili Meyer, Maier na Mayer wakutwe mahali pamoja. Fonetiki, taaluma ninayoipenda, ilifanywa mtumishi wa polisi.

Wala haikuwa taaluma ya pekee kutumikishwa. Stasi ilikuwa na chuo chake cha sheria huko Potsdam kilichotunuku hata shahada za uzamifu. Iliandika pia kamusi ya istilahi zake, ambamo chuki imefafanuliwa kama sehemu muhimu ya hisia za afisa. Sisi tuna neno mchongezi, na neno hilo linanuka. Kwao mchongezi aliitwa mfanyakazi mwenza asiye rasmi. Aliandika ahadi kwa mkono wake, akajichagulia jina la siri, kisha akawa anakutana na afisa wake katika nyumba ya mtu mwingine iliyotengwa kwa kazi hiyo. Mwalimu ambaye asingekubali kamwe kuitwa mchongezi aliweza kuwa mfanyakazi mwenza bila kuona haya.

Neno baya kuliko yote lilikuwa Zersetzung, lililoazimwa kutoka kemia, lenye maana ya kitu kumomonyoka na kuoza. Katika miaka ya hamsini Stasi ilitesa miili. Lakini Ujerumani Mashariki ilipojiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 1973, kisha ikatia saini mkataba wa Helsinki mwaka 1975, wafungwa wenye makovu wakawa aibu. Januari 1976 ukatolewa mwongozo nambari 1/76, ambao uliagiza mpinzani aharibiwe bila kuguswa: jina lake lipakwe matope kwa kuchanganya ukweli na uongo unaoaminika, kazi zake zivurugwe makusudi, marafiki zake watiwe shaka wao kwa wao. Mhasiriwa alijilaumu mwenyewe. Alidhani ana mkosi.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na Vera Wollenberger, mwanaharakati aliyefungwa mwaka 1988, alilijua hilo baada ya utawala huo kuanguka. Aliyekuwa akipeleka habari zake alikuwa mumewe, baba wa watoto wake.

Msomaji asidhani haya ni ya mbali. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, alifunga safari mwenyewe hadi kisiwani humo mwaka huo huo kusaidia kuunda idara ya usalama. Ufundi huu husafiri, na hujifunza Kiswahili upesi.

Ninalowaomba walimu wenzangu ni dogo. Kabla ya kuandika jina la dikteta ubaoni, chora mnyororo mzima: jirani, mwalimu mkuu anayeombwa maoni kuhusu mwanafunzi anayetaka kwenda chuo kikuu, afisa wa wilaya, karani wa kadi, mkoa, Berlin. Kisha waulize wanafunzi ni nani kati yao angeweza kukataa, na angepoteza nini.

Jibu limo majaladani, nalo huwashangaza wengi. Waliokataa walikuwapo. Kukataa kuliweza kumgharimu mtu cheo au nafasi ya masomo, lakini mara nyingi hakuna kilichofuata. Aliyerudi nyumbani akamwambia mkewe, au kasisi wake, au wenzake kazini, kwamba leo nimetembelewa na afisa wa Stasi akitaka niwe wake, huyo hakufaa tena. Afisa aliandika kwamba siri imefichuka, akalifunga jalada, akaenda kumtafuta mtu mwingine anayejua kunyamaza.