Kabla Fundi Hajafungua Kompyuta ya Nyumbani



Mwezi huu naweka kando chanjo na lishe, kwani nimepokea swali ambalo si la hospitali lakini limenigusa. Mama mmoja wa Kinyerezi anaeleza kwamba kompyuta yao ya mezani imejaa na imekuwa nzito mno. Mtoto huiwasha, huenda kuoga, na akirudi bado haijawaka sawasawa. Mume anataka iuzwe wanunue nyingine. Fundi anasema aweke hadi diski mpya na kupiga Windows upya, kazi ya nusu siku. "Shida yangu," anaandika, "humo mna picha zote za marehemu mama yangu, na hesabu za VICOBA yetu za miaka sita. Nimpe fundi au nisimpe?"

Mpe, dada yangu, lakini si leo.

Wengi wetu tumekutana na kompyuta ukubwani. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa zilibaki kwa miaka mingi kuwa vyombo vya maofisini. Si ajabu basi kwamba mama anayejua kila kopo lilipo jikoni kwake hajui picha za mama yake zimekaa wapi. Zimekaa kwenye diski ngumu, hiyo tunayoiita hadi diski. Ni kikasha cha chuma ndani ya lile sanduku la sipiyu. Fundi akikutajia ramu, hicho ni kitu kingine: ramu ni kama meza unayokatia mboga, diski ni kabati unalohifadhia. Umeme ukikatika, vya mezani hupotea, vya kabatini hubaki.

Ndani ya diski ya kawaida mna visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea ncha ndogo inayosoma na kuandika, kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Ndiyo maana mtoto akipiga teke sipiyu inayofanya kazi chini ya meza, anaweza kuharibu picha za bibi yake bila kujua. Na ndiyo maana joto na vumbi la Dar es Salaam si rafiki wa chombo hiki. Vile vitambaa vyetu vya kufuma tunavyofunikia kompyuta ni vizuri ikiwa imezimwa. Ikiwa imewashwa, viondoe, mashine ipumue.

Siku hizi kuna diski za aina nyingine, zinaitwa SSD, ambazo hazina kisahani wala kitu kinachozunguka. Zina kasi kubwa zaidi. Kompyuta ya zamani ikiwekewa SSD na Windows ikakaa humo, huwaka upesi hata wenye nyumba wakashangaa. Kwa hiyo ushauri wa fundi si mbaya. Mimi napenda tu kuubadilisha neno moja: asibadilishe, aongeze. Sipiyu nyingi za mezani zina nafasi ya diski mbili. SSD ya gigabaiti 240 au 256 inatosha kwa Windows na programu, na diski ya zamani, kama bado ni nzima, inabaki kuwa ghala. Laptopu nyingi za zamani zina nafasi moja tu. Hapo diski iliyotolewa hutiwa kwenye kasha lenye waya wa USB ikawa diski ya nje.

Mwambie fundi aangalie kwanza waya za ndani. Zikiwa nyembamba, za aina ya SATA, kazi inawezekana. Ukiona utepe mpana wa kijivu wenye nyaya nyingi zilizolala pamoja, mashine hiyo ni ya kizamani sana, na hapo nakubaliana na baba watoto. Tena ana hoja nyingine: tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Diski mpya haitibu hilo. Kwa picha, kuandika na masomo ya watoto mashine itafaa bado, lakini mambo ya benki yafanyieni kwingine.

Sasa nakala. Hospitalini mgonjwa wa upasuaji mkubwa haingii chumbani kabla damu haijaandaliwa, hata kama daktari ana mkono mzuri namna gani. Kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa, picha na hesabu ziwe zimenakiliwa mahali pawili nje ya kompyuta hiyo. Hesabu za VICOBA ni faili ndogo, zinaingia hata kwenye flashi, na kurasa za muhimu zichapishwe kwenye karatasi. Picha zinahitaji diski ya nje. Ukishanakili, nenda kwa jirani au ofisini, fungua hizo nakala kwenye kompyuta nyingine, utazame picha tano au sita, na uhesabu mafolda. Nimeona watu wakinakili vielekezo tu, zile alama za kwenye skrini, wakadhani wamebeba picha.

Ukienda Kariakoo kununua, usivutwe na diski ya nje iliyoandikwa terabaiti 16 kwa bei ya kitenge. Zipo za udanganyifu ambazo ndani yake mna kadi ndogo ya kumbukumbu. Zinapokea faili zako zote kwa upole, halafu ukizitafuta hazipo. Na diski unayouziwa kuwa ni mpya, mwombe muuzaji aichomeke na kuipima kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Diski nyingi huonyesha humo zimefanya kazi saa ngapi. Ukiona saa elfu kadhaa, hiyo si mpya. Sisi tumezoea kusoma tarehe kwenye chupa ya dawa. Hii ni hivyo hivyo.

Siku ya kazi, kaa na fundi. Usimwachie ukaenda sokoni. Na usimwambie, "Iangalie, imekuwa nzito." Katika usharika mmoja ninaoufahamu katibu alisema maneno hayo hayo, na fundi akafanya anachofanya kila siku: alipiga Windows kwenye diski nzima. Michango ya kwaya ya miaka minne ikaondoka, na kwa wiki kadhaa watu wakatazamana vibaya kanisani, kana kwamba kuna aliyekula fedha. Mwandikie kwenye karatasi: diski ya zamani isifomatiwe. Afadhali zaidi, achomoe kabisa waya zake wakati anapiga Windows kwenye mpya, azirudishe akimaliza.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea, zima mashine na usiweke kitu kingine ndani. Kwenye diski ya visahani, kufuta huondoa jina la faili kwenye orodha, lakini faili lenyewe hubaki mpaka liandikwe kitu juu yake. Mtaalamu anaweza kulirudisha. Kwenye SSD matumaini ni madogo sana, kwa sababu yenyewe hujisafisha upesi. Vilevile diski ikianza kugonga tik, tik, tik, zima hapo hapo. Kuiwasha tena na tena ili "ijaribu" ni kumtembeza mgonjwa aliyevunjika mguu.

Na baba akishinda, kompyuta ikauzwa, iuzwe bila diski. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza jinsi walivyonunua diski 158 zilizotumika. 129 zilifanya kazi, na ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki kwa maelfu, na hata barua za matibabu ya watu. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski ya mtumba huko Ghana wakakuta nyaraka za kampuni ya Marekani ya mambo ya ulinzi. Majina, simu na madeni ya wanachama wako wa VICOBA si mali yako kuyatembeza sokoni, na sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Ikiwa fundi ataitoa ile ya zamani, akukabidhi mkononi. Ifunge kwenye mfuko mkavu, uandike tarehe na yaliyomo, uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Zile picha za mama, nakala moja mpe ndugu yako wa mbali akija sikukuu, aondoke nayo.