Alindaye nyumba yako analindwa na nani?

Miezi ya Juni, Julai na Agosti mjini Kitale si miezi ya mzaha. Mji ule umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya vilima vya Cherangany na Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321. Mvua hunyesha alasiri, ukungu hutanda alfajiri, na baridi hupenya hata blanketi nzito. Bungoma iko chini kidogo, lakini huko nako usiku wa Julai haumwachi mtu akalala nje kwa hiari yake.

Hata hivyo, wapo wanaoukesha usiku huo mwaka baada ya mwaka. Katika vijiji vya Trans-Nzoia na Bungoma zimesimama nyumba nyingi nzuri, zenye mabati ya rangi, kisima, ghala la mahindi na labda ng'ombe wawili wa gredi, ilhali wenyewe hawamo. Mmoja yuko Nairobi, mwingine yuko ng'ambo. Wengine ni walimu waliopelekwa kufundisha mbali na kwao, hasa tangu mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilipoanza kuwahamisha walimu kutoka kaunti zao za nyumbani. Sera hiyo ilikuja kulegezwa, lakini wapo ambao bado hurudi kwao wakati wa likizo tu. Mlango wa nyumba umefungwa kwa kufuli. Nje, katika kibanda cha mbao, yumo mtu mmoja na mbwa wake.

Maoni yangu ni kwamba watu wengi wenye nyumba hizo, tena watu waliosoma, hawamtendei haki mtu huyo wala mbwa huyo. Tunamkabidhi mali ya umri mzima bila hata karatasi moja ya makubaliano. Tunamlipa tukikumbuka. Tunampigia simu usiku kumuuliza kama ng'ombe wamelala salama, na hatumuulizi kama yeye mwenyewe amelala.

Ulinzi wa makao haukuwa hivyo tangu hapo. Wabukusu wa zamani waliishi ndani ya ngome zilizozungushiwa kuta na mahandaki. Mwaka 1895 ngome za Lumboka na Chetambe ndizo zilizokabiliana na jeshi lililotumwa na Waingereza. Ndani ya ngome hizo ulinzi ulikuwa jukumu la watu wote, na kila aliyekesha langoni alikuwa akilinda watoto wake na mifugo yake. Hakuhitaji mshahara, kwa sababu alilinda kilicho chake.

Kisha wakaja walowezi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mashamba makubwa yalikatwa katika nchi ya Trans-Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Bwana shamba aliposafiri kwenda kwao Uingereza, nyumba ilibaki mikononi mwa mpishi, nyapara, mlinzi na mbwa. Mlinzi huyo alikuwa na maandishi, naam, lakini maandishi yenyewe yalikuwa kipande alichoning'iniza shingoni. Kipande kilieleza ameajiriwa na nani, na aliyetoroka kazini kabla ya tajiri wake kumwachilia alihesabiwa kuwa mhalifu. Yalikuwa maandishi ya kumfunga mfanyakazi, wala si ya kumlinda.

Tangu uhuru tumekitupa kipande, na tulifanya vyema. Lakini badala ya kuweka mkataba wa haki mahali pake, wengi wetu hatukuweka chochote. Na kumbe sheria ipo! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Ikiwa mfanyakazi hajui kusoma, mwajiri anapaswa kuhakikisha ameelezwa yaliyomo kwa lugha anayoifahamu. Anastahili siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo, baada ya miezi kumi na miwili ya utumishi. Anastahili pia mahali pa kulala panapofaa au posho ya nyumba. Iwapo ugomvi utafika mahakamani na mwajiri akakosa mkataba wa kuonyesha, basi ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha ukweli wa masharti yanayobishaniwa. Aidha, sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ambayo pia ni ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awakatie bima watu wake. Ni walinzi wangapi wa vijijini waliokatiwa bima hiyo?

Najua nitajibiwa vipi. Wa kwanza atasema: "Huyu si mfanyakazi, huyu ni mwana wa ndugu yangu. Karatasi huvunja udugu." Nami nasema kinachovunja udugu ni kunyamaza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huambiwa akae katika nyumba ya ami yake "kwa muda" huku akisubiri matokeo. Matokeo hutoka, wenzake wakajiunga na vyuo, naye angali anafungua lango na kukamua ng'ombe. Hakuna aliyesema muda huo ni miezi mingapi, wala karo yake italipwa na nani. Siku atakapoondoka kwa hasira ataitwa mtovu wa shukrani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na ujana ni mali pia.

Wa pili atasema kwamba mshahara wa mwalimu hautoshi kumwajiri mwalimu mwenyewe, seuze mlinzi. Hoja hii ina uzito, na sitaidharau. Kenya ina viwango vya chini vya mishahara, na mlinzi ametajwa humo waziwazi. Asiyeviweza hana budi kutafuta njia nyingine. Katika mashamba ya Ufaransa, wenye nyumba wanaosafiri majira ya baridi huwakaribisha watu wakae ndani ya nyumba yenyewe, waote moto, wamlishe mbwa na kuangalia mabomba yasigande. Hao ni wageni wenye paa, wala si watumishi wa kibandani. Mtu wa Webuye au Kiminini asiyeweza kuajiri angeweza kuikaribisha familia yenye haja ya makao, ikae ndani, ilime bustani na kuitunza nyumba kama yake, kwa masharti yaliyoandikwa. Nyumba yenye moshi jikoni na sauti za watoto huogopwa na mwizi kuliko nyumba yenye kufuli tatu.

Sasa nije kwa mbwa, maana yeye ndiye anayesahauliwa zaidi. Mbwa wa nyumba tupu hulishwa mabaki, na mlinzi mwenye njaa hana mabaki. Basi mbwa hutoka usiku kujitafutia, akapigana na mbwa wa jirani, akarudi na jeraha. Hapo ndipo hatari ilipo. Asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Wataalamu wanasema tukiwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo, ugonjwa hukatika. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kuutokomeza ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautafaulu iwapo kila mwenye boma anadhani chanjo ya mbwa ni kazi ya mlinzi, na mlinzi anajua mbwa si wake.

Walimu wa sayansi huwasimulia wanafunzi juu ya Louis Pasteur, ambaye mwezi Julai mwaka 1885 alimdunga chanjo ya kichaa cha mbwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa huko Alsace. Mtoto akapona. Lakini ni nadra kuwasimulia kilichofuata. Meister alipokuwa mtu mzima alikuwa bawabu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, na alidumu katika utumishi huo hadi alipofariki mwaka 1940. Wanafunzi wakiulizwa ni nani mkubwa katika kisa hiki, watamtaja mwanasayansi. Ni vyema waambiwe pia kwamba mlango wa nyumba hiyo ya elimu ulihitaji mtu wa kuulinda, na kwamba jina lake limehifadhiwa.

Walimu wenzangu wa Kitale na Bungoma, jambo hili liko ndani ya uwezo wetu. Mkataba wa ukurasa mmoja unaweza kuandikwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu katika somo la insha: kazi ni ipi, malipo ni kiasi gani na lini, siku ya mapumziko ni ipi, nani atanunua koti na gambuti, nani atampeleka mbwa kuchanjwa. Kila mwanafunzi na ajue pia kwamba jeraha la mbwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu akimbilie hospitali bila kungoja.

Mwezi wa likizo ukiisha, wengi wetu tutafunga milango na kupanda magari kurudi kazini. Kabla hujampa ufunguo mtu anayebaki, mpe kwanza karatasi yenye sahihi yako na yake. Asiyekuwepo na lake halipo, walinena wahenga. Lako litakuwapo tu kwa sababu yuko mtu anayekesha kwenye baridi kwa niaba yako.