Chuo Kina Kompyuta, Ufunguo Uko Ng'ambo

Mwezi Juni 2020 walimu na wanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Harbin, kaskazini mashariki ya China, walijikuta hawawezi tena kuitumia programu ya MATLAB, ambayo ilikuwa chombo chao cha kila siku. Hapakuwa na kombora lililorushwa wala mtambo uliovunjwa. Kompyuta zilikuwa mahali pake na umeme ulikuwapo. Kilichoondolewa ni idhini. Mwezi Mei serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza kukiingiza chuo hicho, pamoja na Chuo cha Uhandisi cha Harbin, katika orodha ya taasisi ambazo haziuziwi bidhaa za Kimarekani zinazodhibitiwa ila kwa kibali maalumu. Sababu iliyotolewa ni kuwa vyuo hivyo vilizitafuta bidhaa hizo kwa miradi ya kijeshi. Kampuni ya MathWorks, yenye makao yake Natick, Massachusetts, ikatii sheria ya nchi yake.

Yafaa askari msomaji aelewe jinsi jambo kama hilo linavyowezekana. Programu za kuiga ndizo zimwezeshazo mhandisi kulijaribu daraja, bawa la ndege au mtambo wa kuongozea chombo ndani ya kompyuta, kabla chuma hakijakatwa. Mahesabu yake ni mazito, na kwa hiyo vyuo vikuu huunganisha kompyuta nyingi ziwe mtambo mmoja unaotumiwa na idara zote kwa zamu. Programu huwekwa mara moja katika hifadhi ya pamoja, na kila kompyuta huisoma kutoka humo. Kazi hiyo fundi hodari haimshindi.

Ugumu uko kwenye leseni. Mfano wake ni ghala ya silaha. Katika kompyuta moja hukaa programu ndogo iliyo kama mtunza ghala. Chuo kikiwa kimelipia leseni ishirini, watumiaji ishirini huchukua, na wa ishirini na moja husubiri mpaka mmoja arudishe. Kazi kubwa inayogawanywa katika vichakato vingi mara nyingi hudai leseni za ziada. Fundi asipomfahamisha msimamizi wa foleni idadi ya leseni zilizopo, kazi iliyongoja zamu yake usiku kucha huanza alfajiri na kufa papo hapo, kwa kuwa ghala ni tupu. Tena, hati ya leseni kwa kawaida hufungamanishwa na namba ya utambulisho ya kompyuta ile ile ya mtunza ghala. Kompyuta hiyo ikiungua, hati hiyo haiwezi kuhamishiwa nyingine kwa ridhaa ya chuo peke yake; sharti mwenye mali aombwe atoe mpya. Hati ina tarehe ya mwisho pia.

Ndiyo kusema, mtunza ghala ni mwajiriwa wa chuo, lakini hupokea amri kutoka kwingine. Wakati wa amani ya kibiashara hakuna anayeliona hilo.

Wapo wanaodhani kwamba mambo ya Harbin yalitukia mara moja tu. La hasha. Mwishoni mwa Mei 2025 Marekani iliwawekea vizuizi wauzaji wa programu za kubunia na kujaribia saketi za kielektroni, wakiwemo Synopsys, Cadence na Siemens, wasiiuzie China. Mwanzoni mwa Julai mwaka huo huo vizuizi hivyo vikaondolewa, nchi hizo mbili zilipokuwa zikipatana juu ya biashara. Programu ikawa kitu cha kuwekwa mezani katika mapatano. Na katika mwezi huo wa Julai, Synopsys ilikamilisha ununuzi wa Ansys, kampuni ambayo programu zake za kuiga hutumika katika vyuo vya uhandisi duniani kote. Funguo zinazidi kukusanyika katika mikono michache.

Njia nyingine zipo. OpenFOAM kwa mienendo ya maji na hewa, Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa kwa uimara wa miundo, na GNU Octave iliyo karibu sana na MATLAB kwa lugha yake. Zote hizi hazina mtunza ghala. Hata hivyo mhandisi aliyezoea chombo kimoja kwa miaka kumi hahamii kingine kwa wiki moja, na mafaili ya zamani hayafunguki yote. Chuo kinachongoja siku ya kufungiwa ndipo kianze kufundisha kimechelewa. Ni kejeli ya historia kuwa MATLAB yenyewe ilizaliwa chuoni, katika miaka ya 1970, mwalimu Cleve Moler alipoibuni kwa ajili ya wanafunzi wake wa New Mexico, naye aliigawa bure.

Liko na jambo linalomhusu afisa anayepelekwa chuo kikuu kusomea uhandisi. Leseni za bei nafuu wapewazo wanachuo kwa kawaida ni za masomo na utafiti tu. Akiingiza humo mahesabu ya kikosi chake, huenda akakiuka mkataba uliotiwa sahihi na chuo, si na yeye. Na mtunza ghala huweza kuandika katika daftari lake jina la mtumiaji, kompyuta aliyoitumia, saa aliyochukua leseni na saa aliyoirudisha.