Bugwema itunge sheria ya uzio kabla maji hayajafika

BWAWA la kuogelea la nyumbani, kwa Watanzania wengi, ni habari ya Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam. Mkoani Mara mtu akilitaja, msikilizaji hufikiria hoteli chache za Musoma mjini na nyumba za wenye uwezo zilizo kando ya ziwa. Ndiyo maana mjadala kuhusu kanuni za kujenga na kutunza mabwawa hayo huonekana kuwa wa watu wachache, na viongozi wa vijijini huupita kama usiowahusu.

Lakini hatari inayozungumzwa katika kanuni hizo haitokani na vigae vya buluu wala ngazi za chuma. Inatokana na maji yaliyokusanyika mahali pamoja, karibu na nyumba, bila kizuizi kati yake na mtoto anayejifunza kutembea. Kwa kipimo hicho, kata ya Bugwema katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, yenye vijiji vya Bugwema, Kinyang'erere, Masinono na Muhoji, inahusika sawa na Masaki. Vijijini Mara bwawa la nyumbani ni kisima kilichochimbwa kwa mkono na kuachwa wazi, lambo la kunyweshea ng'ombe, au shimo la kufyatulia matofali ambalo mvua za masika zimelijaza hadi mdomoni. Kwa miguu ya mtoto wa miaka miwili, yote hayo ni kitu kimoja.

Takwimu za dunia hazipingani na jambo hilo. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya Desemba 2024 kuhusu kuzuia vifo vya kuzama majini, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021. Takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo vyote vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivyo duniani kimeshuka kwa asilimia 38. Barani Afrika kimeshuka kwa asilimia tatu tu.

Tofauti hiyo inahitaji maelezo, na maelezo hayo hayapatikani ziwani peke yake. Ni kweli kwamba Kanda ya Ziwa inapozungumzia kuzama, fikra hukimbilia MV Bukoba ya Mei 21, 1996, MV Nyerere ya Septemba 20, 2018 karibu na Ukara, au mitumbwi iliyozama wilayani Bunda Julai 2023. Misiba hiyo huleta mawaziri, bendera hupepea nusu mlingoti na tume huundwa. Mtoto anayetumbukia katika kisima cha jirani saa nne asubuhi, mama akiwa shambani, huzikwa jioni au kesho yake, na mara nyingi tukio hilo halivuki mipaka ya kitongoji. Kifo kisichohesabiwa hakitungiwi sheria.

Nchi zilizopunguza vifo vya watoto katika mabwawa ya nyumbani zilianza na jambo moja, nalo ni uzio. Nchini Australia, ambako mabwawa hayo ni ya kawaida, majimbo yanadai uzio wa kimo kisichopungua meta 1.2, nafasi kati ya nguzo isiyozidi sentimeta 10, na lango linalojifunga lenyewe, ambalo hufunguka kuelekea nje ya bwawa na si ndani. Ufaransa ilipitisha sheria Januari 3, 2003 inayomtaka mwenye bwawa lililochimbwa ardhini kuweka walau kinga moja kati ya uzio, kifuniko, paa au king'ora. Mabwawa mapya yalitakiwa kutii kuanzia Januari 2004, na ya zamani yalipewa hadi Januari 2006. Marekani nayo, mwaka 2007, ilipitisha sheria kuhusu vifuniko vya matundu ya kutolea maji, baada ya kufahamika kwamba nguvu ya mvuto inaweza kumnasa mtoto chini ya maji hata kama anajua kuogelea.

Undani wa kanuni hizo unafundisha kuliko majina yake. Lango linajifunga lenyewe kwa sababu mtu mzima husahau. Nafasi ya sentimeta 10 imewekwa kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo hakipiti hapo. Aidha, uzio unatakiwa uzunguke bwawa lenyewe na si kiwanja kizima, kwa kuwa ukuta wa kiwanja humzuia mtoto wa jirani tu, ilhali mtoto wa nyumbani hubaki ndani pamoja na maji. Kosa hili la mwisho hufanywa sana hapa nchini, hata na matajiri. Ukuta wa nje una vioo vya chupa juu yake na mlinzi getini, na bwawa liko hatua kumi kutoka mlango wa jikoni bila kizuizi chochote.

Kuhusu utunzaji, bwawa la kuogelea lina masharti yake: klorini huru ya kati ya miligramu moja na tatu kwa lita, kemikali zihifadhiwe mbali na watoto, na maji yasiachwe yakageuka kijani. Maji yaliyotulia bila dawa huzalisha mbu. Yakiwa na konokono, na wenye vimelea wakikojoa humo, hueneza kichocho, ugonjwa ambao wakazi wa pwani ya Ziwa Victoria wanaufahamu vyema. Kwa kisima, sharti ni mdomo ulioinuliwa kwa ukuta, sakafu ya saruji kukizunguka, kifuniko chenye komeo, na choo kisichokaribia chini ya meta 30. Kisima chenye sifa hizo hulinda tumbo na uhai kwa gharama moja, na pengine hii ndiyo hoja rahisi kuliko zote mbele ya mkutano wa kijiji.

Swali la kujiuliza ni je, sheria za Tanzania zinasemaje?

Mjini, anayejenga anahitaji kibali cha ujenzi, na ofisa wa halmashauri anaweza kutazama mchoro kabla jembe halijagusa ardhi. Vijijini hali ni tofauti. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamruhusu mwenye ardhi kuchimba kisima cha mkono kwa matumizi ya nyumbani bila kibali cha kutumia maji. Ruhusa hiyo ni ya busara, kwani isingekuwa haki kumlazimisha mkulima kufunga safari hadi ofisi ya bonde kwa ajili ya ndoo zake chache. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayohusu usalama wa mabwawa, lakini hofu yake kubwa ni ukuta wa bwawa kubomoka na maji kuwafuata watu. Mtu kuyafuata maji ni hatari ya aina nyingine.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wake inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Ni wajibu mpana, na kwa upana wake ni rahisi kutotekelezwa.

Kuna pia sheria ya madhara, ambayo Tanganyika iliipokea kutoka Uingereza kama ilivyokuwa Julai 22, 1920. Mwaka 1909 Baraza la Malodi (House of Lords) la London, likiwa mahakama ya rufaa, liliamua kwamba kampuni ya reli ya Ireland ilistahili kumlipa fidia mtoto aliyeumia akichezea mtambo wa kugeuzia mabehewa. Kampuni ilijua kwamba watoto walikuwa wakipenya kwenye tundu la uzio, na haikuliziba. Wakili hodari anaweza kujenga hoja juu ya uamuzi huo dhidi ya mwenye shimo la maji. Hata hivyo, familia iliyofiwa Kinyang'erere haina wakili hodari, na mwenye shimo mara nyingi ni shemeji au jirani aliyechangia sanda.

Kwa hiyo njia iliyobaki, ambayo kwa kweli ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza, ni sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Rasimu hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi huijadili, kisha huwasilishwa kwa halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe. Vijiji vimezoea kutumia uwezo huo kwa mifugo inayoharibu mazao, kwa vyoo na kwa hifadhi ya misitu. Hakuna kinachozuia kuutumia kwa mashimo ya maji.

Ugumu upo katika faini. Sheria ndogo nyingi huandikwa kana kwamba kazi yake ni kukusanya faini, na hapa ndipo zinapoweza kugeuka ukatili. Kumtoza faini baba ambaye amemzika mwanawe jana, kwa kosa la kutofunika kisima, ni kuongeza msiba juu ya msiba, na hakuna mwenyekiti wa kitongoji atakayethubutu kuisimamia sheria ya namna hiyo. Wajibu unapaswa kuwekwa mwanzoni: anayetaka kuchimba atoe taarifa kwa mwenyekiti, aoneshwe umbali na kimo cha mdomo, na kisima kisianze kutumika kabla hakijawa na kifuniko. Afyatuaye matofali afukie shimo kabla ya masika, au alizungushie miti ya wima isiyopandika. Ua wa minyaa unaopendwa na wafugaji haufai peke yake, maana ng'ombe huuogopa lakini mtoto hupenya chini, na utomvu wake ni hatari kwa macho.

Kwa wakosaji wakubwa lugha ya faini inafaa kabisa. Makandarasi wa barabara huchimba kifusi na kuondoka, wakiacha mashimo yanayogeuka maziwa madogo kila msimu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika maeneo kama Buhemba wilayani Butiama huhama na kuacha maduara wazi. Hawa hawawezi kusema hawana mbao wala misumari. Dawa yao ni mkataba: fedha za kufukia zizuiliwe hadi ofisa mtendaji wa kijiji athibitishe kwa maandishi kwamba shimo limezibwa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Bugwema kutokana na bonde lake. Kwa miongo kadhaa umezungumzwa mpango wa kilimo cha umwagiliaji katika Bonde la Bugwema kwa kutumia maji ya Ziwa Victoria, na kwa miaka ya karibuni umekuwa ukifuatiliwa na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Wananchi wanausubiri, na wana haki ya kuusubiri, kwa kuwa mkulima anayetegemea mvua peke yake katika ukanda huo ana mwaka wa njaa karibu daima. Lakini umwagiliaji ni mifereji, matangi na mabwawa ya kuhifadhia maji, na mifereji hiyo hupita kando ya makazi. Mfereji wenye kuta za saruji zilizo wima ni mbaya kuliko mto, kwa sababu aliyetumbukia hana mzizi wala jiwe la kushika. Ngazi kila baada ya meta kadhaa, kamba iliyovutwa juu ya maji, madaraja yenye kingo na uzio mahali mfereji unapokaribia nyumba na shule ni vitu vya bei ndogo vinapoingizwa katika makadirio ya ujenzi. Vikiombwa baada ya mradi kukabidhiwa, jibu huwa kwamba bajeti imefungwa.

Uzio pia hautoshi ikiwa hakuna anayemwangalia mtoto. Nchini Bangladesh, ambako vidimbwi viko mlangoni mwa karibu kila nyumba ya kijijini, vilianzishwa vituo vya kulelea watoto wadogo kwa saa chache za asubuhi, wakati ambao wazazi wana kazi nyingi na vifo ni vingi. Utafiti ulionesha kuwa vifo vya kuzama miongoni mwa watoto waliopelekwa huko vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Vituo hivyo huendeshwa na akina mama wa kijijini katika chumba kimoja. Katika Kanda ya Ziwa, shirika la EMEDO lenye makao Mwanza limekuwa likiendesha mradi wa kuzuia kuzama Ziwa Victoria, hivyo uzoefu wa karibu upo wa kuazima.

Halafu kuna dakika za mwanzo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, lakini gari linalotoka Musoma mjini haliwezi kufika Muhoji kabla ubongo wa mtoto haujakosa hewa. Mwokoaji ni jirani. Asiruke ndani ya kisima, kwani wengi wamekufa hivyo. Atupe kamba, anyooshe mti mrefu, au arushe dumu tupu la lita 20 lililofungwa, ambalo huelea na kushikika. Mtoto akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo ili maji yatoke, desturi ambayo hupoteza muda na kuyapeleka matapishi mapafuni. Alazwe chali, apulizwe hewa mara tano kupitia mdomo na pua, kisha kifua kibonyezwe, na kazi hiyo iendelee hadi apumue au msaada ufike. Walimu wa shule za msingi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kufundishwa haya kwa siku moja.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Rasimu ya kurasa mbili, ikipita katika vijiji vyote vinne na kufika Halmashauri ya Wilaya kabla mkandarasi wa mifereji hajatia saini, itampa mkurugenzi kitu cha kuambatisha kwenye mkataba. Ikichelewa, uzio wa mifereji utabaki kuwa ombi la wanakijiji kwa mkandarasi ambaye tayari ameshalipwa.