Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Wachezaji wa Kulipwa Waichezee Nchi?

Swali ninalolileta kwenu leo si geni masikioni. Hulisikia kila Harambee Stars inapotajwa, iwe ni kwenye foleni ya ugali na maharagwe, kwenye matatu ya kwenda Mombasa ama kando ya uwanja wa Alaskan hapa Malindi. Swali lenyewe ni hili: mchezaji wa kulipwa, yule aliyevuka bahari akapata klabu kubwa na mshahara mnono, yafaa aitwe kuichezea nchi katika mashindano ya kimataifa? Ama jezi hiyo waachiwe vijana wanaotoka jasho humu humu nchini?

Tulipoijadili hoja hii katika chama chetu, upande uliopinga ulishangiliwa mpaka mwalimu akagonga meza. Mimi sikushangilia. Msimamo wangu ni kwamba mchezaji wa kulipwa aitwe, tena aitwe bila kusitasita. Lakini aitwe kama Mkenya mwenzetu anayekuja kazini, si kama mgeni anayekuja kutandikiwa busati.

Hata hivyo wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Wanaopinga wana hoja nzito, na ni uungwana kuanza na zao.

Hoja yao ya kwanza ni CHAN. Haya ni mashindano ya Afrika yaliyoanza mwaka 2009 kule Kodivaa, na sheria yake kubwa ni moja: anayecheza ligi ya nchi nyingine haruhusiwi. Agosti 2025 mashindano hayo yaliandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Wakenya wote wa ng'ambo wakabaki kutazama kwenye televisheni kama sisi. Tulipangwa na Morocco, Kongo, Angola na Zambia, na wengi wakasema, "Basi, tumekwisha." Kumbe wapi! Vijana wa kocha Benni McCarthy wakaifunga Kongo 1-0, wakatoka sare 1-1 na Angola, wakaipiga Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, kisha Zambia nayo 1-0. Wakaongoza kundi. Walitolewa na Madagascar katika robo fainali, tena kwa mikwaju ya penalti. Na Morocco hiyo hiyo tuliyoifunga ndiyo iliyoondoka na kombe. Sasa wapinzani wanauliza: kama vijana wa nyumbani waliweza haya, wa majuu ni wa nini?

Hoja ya pili wanaichota katika historia. Wazee wanaikumbuka timu yetu ya mpira wa magongo. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 ilishika nafasi ya 6. Kule Mexico mwaka 1968 ikawa ya 8. Katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, mjini Barcelona mwaka 1971, ikawa ya 4 duniani! Avtar Singh Sohal alikwenda Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Hao walikuwa wachezaji wa ridhaa. Walicheza kwa mapenzi ya mchezo na heshima ya bendera.

Hoja ya tatu ni ya moyo. Ati mchezaji wa kulipwa akija nyumbani hucheza kwa kujihurumia. Anaogopa kuvunjika mguu, maana mguu ule ndio shamba lake.

Hizo ndizo hoja zao, na sizidharau. Lakini hebu tuzipime moja moja.

Tuanze na CHAN. Ni kweli vijana wetu walifanya ajabu, na mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Lakini tusisahau kwamba Morocco nayo ilikuja bila watu wake wa Ulaya. Achraf Hakimi hakuwapo. Mizani ilikuwa sawa kwa sababu kila mtu aliwaacha wake. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika hakuna huruma hiyo. Mwaka 2019 kule Misri, Algeria ilituletea Riyad Mahrez, akatufunga, tukalala 2-0. Senegal ikamleta Sadio Mané, akatufunga mawili peke yake, tukalala 3-0. Je, mwenzako akija na bunduki, wewe utashika manati ili uonyeshe uzalendo?

Na katika mashindano hayo hayo tulishinda mechi moja, dhidi ya ndugu zetu Watanzania, 3-2. Mabao yetu yalitoka wapi? Mawili ni ya Michael Olunga, ambaye wakati huo alikuwa Kashiwa Reysol ya Japani. Moja ni la Johanna Omolo, aliyekuwa akicheza Ubelgiji. Ya Tanzania je? Simon Msuva, wakati huo akicheza Morocco, na Mbwana Samatta wa Genk ya Ubelgiji. Mabao 5, na hakuna hata moja la mchezaji wa ligi ya nyumbani. Nahodha wetu alikuwa Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Na tukumbuke kwamba tulikuwa tumekaa miaka 15 bila kuliona kombe hilo, tangu Tunisia 2004.

Kisha wapinzani wanijibu jambo moja. Yule Ryan Ogam aliyetufurahisha dhidi ya Morocco alikuwa mchezaji wa nyumbani, sivyo? Kabla mwaka huo wa 2025 kwisha, alikuwa tayari mchezaji wa Wolfsberger AC ya Austria. Sasa niambieni, ni wapi hasa alipoupoteza uzalendo wake? Ni pale kiwanja cha ndege, ama ni ndege ilipokuwa juu ya Sudan? Tukisema wa ng'ambo wasiitwe, maana yake ni kwamba tunamwadhibu kijana kwa kufanya vizuri. Leo tunamshangilia, kesho akipata kazi tunamfuta.

Ama kuhusu wachezaji wa ridhaa, nakubali walituletea sifa. Lakini zama zile ulimwengu mzima ulicheza kwa ridhaa, angalau kwa jina. Kuanzia Olimpiki ya 1976 magongo yakaanza kuchezwa kwenye nyasi bandia, mataifa yenye fedha yakatukimbia, na timu yetu ya wanaume haijaonekana Olimpiki tangu 1988. Moyo ulikuwapo, ila moyo peke yake hautoshi kumfikia mtu anayefanya mazoezi asubuhi na jioni kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Tena sheria ile ya ridhaa ilituumiza. Robert Wangila alitupa dhahabu ya ndondi kule Seoul mwaka 1988, Mwafrika aliyewaduwaza mabondia wa dunia. Alipogeuka kuwa bondia wa kulipwa, mlango wa Olimpiki ukafungwa nyuma yake. Alifariki mwaka 1994 mjini Las Vegas baada ya pambano, mbali na kwao. Mlango huo haukufunguliwa kwa mabondia wa kulipwa mpaka mwaka 2016.

Na mbona hatuulizi swali hili kwa wanariadha? Faith Kipyegon anakimbia kwa malipo mwaka mzima huko Ulaya na kwingineko. Lakini alipochukua dhahabu ya mita 1500 mjini Paris 2024, ya tatu mfululizo katika Olimpiki, sikumsikia mtu akisema, "Angewaachia wasiolipwa." Sote tulisimama. Kwa nini mwanariadha alipwe na abaki wetu, naye mwanakandanda akilipwa awe mgeni? Hata wale wa CHAN walilipwa. Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa kila ushindi. Hatukuona kwamba fedha hizo ziliwapunguzia uzalendo, tuliona zimewaongezea mbio.

Sisi watu wa Malindi na Kilifi tungefaa kulielewa jambo hili kabla ya wengine. Ni nyumba ngapi huku zenye mtoto, shangazi ama mjomba anayefanya kazi Dubai, Doha au Italia? Akija kwenye harusi ama matanga, nani humwambia arudi alikotoka kwa kuwa analipwa na wageni? Hata mvuvi akikodiwa na tajiri mwenye boti, jioni hurudi kwao na kitoweo. Kazi ya mtu iko popote, lakini kwao ni kumoja.

Tukija kwa ile hofu ya kuumia, ni kweli ipo, nayo haina ajabu. Lakini dawa yake si kumfungia mchezaji nje. Kandanda ina kalenda ya FIFA, na katika siku zile klabu inalazimika kumwachilia mchezaji. Tena tangu 2012 FIFA ina mpango wa kuilipa klabu mshahara wa mchezaji aliyeumia kwa muda mrefu akiwa na timu ya taifa. Michezo mingine haina bahati hiyo. Katika ule mpira wa magongo wa barafuni wanaoupenda Wamarekani na Wakanada, ligi yao kubwa ilikataa kusimama kwa ajili ya Olimpiki ya 2018, na wachezaji bora duniani wakakosa kuzichezea nchi zao. Ilibidi kungoja makubaliano ya 2024 ili wapate njia ya kwenda Olimpiki ya 2026. Wenzetu wanapigania kuwapata wachezaji wao wa kulipwa, nasi tunataka kuwafukuza wetu?

Lakini ngojeni, sijamaliza. Nilisema mchezaji huyo asitandikiwe busati, na hapa ndipo ninapokubaliana na wapinzani wangu. Huku kwetu kwenye minazi tunajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wako wachezaji ambao, kwa sababu tu wametajwa kwenye magazeti ya Ulaya, hupewa namba hata kama wamekaa benchi miezi sita. Anafika kambini leo, kesho anaanza mechi, na kijana wa ligi ya nyumbani aliyefanya mazoezi wiki mbili anaambiwa avue fulana. Hiyo si haki. Namba itolewe kwa miguu ya leo, si kwa jina la jana wala kwa klabu iliyoandikwa kwenye mkoba. Mtu wa Ulaya na mtu wa Gor Mahia wapimwe kwa ratili moja.

Na taifa nalo lina deni lake. Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma zetu, anayecheza vizuri hutuzwa pale pale uwanjani, mbele ya watu, si kesho. Je, sisi hutunza? Mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio palikuwa na kashfa ya sare na tiketi za ndege, hata mwaka 2021 mahakama ikawatia hatiani waliokuwa maofisa wakuu wa michezo. Mwaka 2022 FIFA ikatufungia kwa sababu ya mvutano juu ya uongozi wa shirikisho, tukatupwa nje ya michuano ya kufuzu Kombe la Afrika. Olunga na wenzake walikuwa tayari kuja, ila hapakuwa na timu ya kuijia. Halafu tunasema wao ndio wasioipenda nchi!

Asiyetunzwa kwao huenda akatunzwa kwingine. Stephen Cherono alizaliwa hapa Kenya. Mwaka 2003 akawa raia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huo huo mjini Paris akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 3000 kuruka viunzi na maji, huku Mkenya Ezekiel Kemboi akiwa wa pili. Wako waliomwita msaliti. Mimi nauliza tu, je, tulifunga mlango kabla mwizi hajaingia?

Wanafunzi wenzangu, msidhani haya ni mambo ya watu wa Nairobi na Ulaya tu. Esse Akida aliifungia Harambee Starlets katika Kombe la Afrika la wanawake mwaka 2016 kule Kamerun, kisha akaenda kucheza Israeli, Uturuki na Ugiriki. Jina lake la katikati ni Mbeyu, jina ambalo Mijikenda tunalo kila kijiji. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027. Huenda katika kidato chako yupo msichana au mvulana ambaye jioni hupiga gozi mchangani, na siku moja atapata barua ya klabu ya nje. Siku hiyo tutafurahi, tutamsindikiza. Je, tutamwambia pia kwamba kuanzia leo jezi ya nchi yako hutaivaa tena?

Mimi nasema hapana. Aende, alipwe, ajifunze, na nchi ikimwita aje. Akija, agombee namba kama wengine, ale chakula kile kile cha kambini, na awafundishe wadogo zake alichojifunza huko. Nasi tumpe tiketi yake kwa wakati, posho yake kwa wakati, na makofi yake anapostahili. Akicheza vibaya, akae benchi kama mtu mwingine yeyote.

Anayeniona nimekosea, kalamu ni yake katika toleo lijalo. Nami nitamsoma, inshallah. Wasalaam.