Uwanja wa Kazi Zote

Kuna neno moja ambalo kila nikilisikia likitamkwa kwa fahari na wakubwa wetu, hunikereketa. Neno lenyewe ni "matumizi mengi". Uwanja wa matumizi mengi, ukumbi wa matumizi mengi, jengo la matumizi mengi. Watu hupiga makofi, nami hubaki nikijiuliza swali ambalo mwalimu yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya shule hana budi kulijua: ikiwa chumba ni kimoja na vipindi ni vingi, nani anaingia kwanza? Chumba kisicho na ratiba hakina matumizi mengi. Kina mwenye nguvu aliye ndani, na wengine wanaosubiri nje.

Nasema haya kwa sababu ya Uwanja wa CCM Kirumba, ulio hapa kwetu, mwendo mfupi kutoka soko la dagaa la Mwaloni. Hutajwa kuwa na nafasi ya watu 35,000. Ndani yake huchezwa mpira na hukimbiwa riadha. Humohumo hufanyika mikutano ya siasa, mikutano ya injili, matamasha ya muziki na sherehe za taifa. Machi 2021 watu wa Kanda ya Ziwa walimiminika hapo kumuaga Rais John Magufuli. Tarehe 14 Oktoba 2024 kilele cha mbio za Mwenge kilifanyika hapo, siku taifa lilipotimiza miaka 25 tangu Mwalimu Nyerere afariki. Hayo yote ni mambo mazito, na wala sina ugomvi nayo. Nani angethubutu kusema msiba wa Rais ungojee mechi? Ugomvi wangu ni kwamba katika orodha hiyo ndefu, mchezo, ambao ndio uliofanya pakaitwa uwanja, umegeuka mpangaji asiye na mkataba.

Naomba msomaji anivumilie nimpeleke mbali kidogo, kwenye nchi ya baridi. Mjini Toronto, Kanada, mwaka 1931, ulijengwa ukumbi uitwao Maple Leaf Gardens kwa ajili ya timu ya hoki ya barafuni, ule mchezo wa vijana wanaoteleza kwa viatu vyenye chuma wakikimbiza kidude cheusi kwa magongo. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi duniani, fedha zilikuwa haba, na jengo lilisimama kwa takribani miezi mitano tu. Liliwezekana kwa sababu moja ninayoipenda sana: mafundi walikubali sehemu ya ujira wao ilipwe kwa hisa za jengo. Maana yake, mwashi aliyepanga tofali alirudi nyumbani na karatasi yenye jina lake, inayosema kwamba sehemu fulani ya ukumbi ule ni yake. Msomaji aikumbuke karatasi hiyo, maana tutairudia.

Ukumbi ule nao ulikuwa wa matumizi mengi, tena kuliko wetu. Kikundi cha Beatles kiliimba hapo mwaka 1964, 1965 na 1966. Muhammad Ali alipigana hapo na George Chuvalo mwaka 1966. Lakini angalia jinsi kazi ilivyopangwa. Barafu ya hoki hugandishwa juu ya sakafu ya zege ambayo ndani yake yamelazwa mabomba yenye maji ya chumvi yaliyopozwa sana. Unene wake ni kama sentimita mbili na nusu au tatu tu. Siku ya ngoma au ndondi, mbao za kuzuia joto hupangwa juu ya barafu, watu wakacheza na kuruka, na kesho yake mbao huondolewa, barafu ikiwa palepale. Ngoma ilikuwa mgeni juu ya mbao. Mwenye nyumba alikuwa chini yake, hajaguswa.

Timu ilihama mwaka 1999. Jengo likanunuliwa na kampuni ya maduka ya vyakula, na tangu mwaka 2011 watu hununua mkate na samaki humo. Hapo ndipo mwenzetu angesema basi, yamekwisha. Hayakwisha. Sakafuni, katikati ya duka, pamewekwa alama nyekundu mahali penyewe palipokuwa katikati ya uwanja wa hoki, na ghorofa ya juu chuo kikuu kikaweka uwanja mwingine wa barafu. Mtu ananunua maziwa akiwa amekanyaga historia, naye anajua kwamba ameikanyaga. Na ili nisionekane ninasifu cha watu bila macho: mwaka 1997 ilifichuka kwamba baadhi ya wafanyakazi wa ukumbi huo walikuwa wamewadhalilisha watoto wa kiume kwa miaka mingi, wakiwavuta kwa ahadi za tiketi. Hilo nalo ni sehemu ya kumbukumbu ya jengo. Kumbukumbu si kupamba tu.

Najua kuna atakayecheka: mzee wa Kirumba na barafu, wapi na wapi! Basi tusogee karibu. Nairobi, barabara ya Mombasa, ndani ya hoteli ya Panari, uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo kuliko uwanja wa kimataifa, nao uliwekwa kwa starehe ya wateja, lakini vijana wa Kikenya wakaanza kucheza hoki humo, wakajiita Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wao walipelekwa Kanada, kwa kuwa nyumbani hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Kisha ukaja Uviko, uwanja ukafungwa. Hebu fikiri: mchezo mzima wa nchi nzima unategemea sakafu moja, na sakafu hiyo ni ya mwenye hoteli. Vijana hawakuwa na la kudai, kwa sababu hawakuwa na haki yoyote pale ila ukarimu wa mwenyewe. Hata hivyo walishikilia mchezo wao, na Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la hoki ya barafuni. Nawavulia kofia. Lakini hakuna anayepaswa kuufanya uvumilivu wa vijana kuwa sera ya michezo.

Sasa turudi Kirumba. Sisi hatuhitaji mabomba ya baridi. Sakafu yetu ni udongo, mvua na majani. Lakini majani nayo yana kanuni zake, kama barafu. Nilisomea ualimu Butimba, chuo kilichojulikana kwa kufundisha michezo na sanaa, na huko tulifundishwa kwamba eneo la kuchezea ni kitu hai. Gari zito lenye vyuma vya jukwaa likipita juu yake, udongo hushindiliwa, maji ya mvua hayapenyi, hutuama, mizizi hukosa hewa, hufa, panabaki kipara. Maelfu ya miguu ikirukaruka usiku mmoja hufanya vivyo hivyo. Majani huhitaji majuma ya kupumzika. Wakanada waliweka mbao juu ya barafu. Sisi tunalipeleka lori juu ya majani, kisha Jumapili tunamlaumu kipa kwa kuruhusu mpira ulioruka vibaya. Viwanja kadhaa nchini vimewahi kufungiwa na wasimamizi wa soka kwa ubovu wa eneo la kuchezea, na kila mara maneno huwa yaleyale: utafanyika ukarabati. Ratiba haitajwi.

Na kumbukumbu je? Mji huu ulikuwa na Pamba, TP Lindanda, timu iliyobeba jina la zao lililowalisha na kuwasomesha Wasukuma. Mwaka 1990 Pamba ilitwaa ubingwa, na Dar es Salaam ikalazimika kukumbuka kwamba nchi hii ina ziwa. Humo walipita akina George Masatu, Hussein Masha na Khalfan Ngassa, ambao baadaye Simba iliwachukua, kama ilivyo desturi ya klabu za Kariakoo: sisi tunapanda, wao wanavuna. Mtoto wa Khalfan, Mrisho Ngassa, aliichezea timu ya taifa kwa miaka mingi. Ilikuwapo Toto African pia, Wana Kishamapanda, na mwaka 2017 Mbao, timu ambayo wengi hawakuitazamia, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuwatoa jasho Simba. Pamba yenyewe ilishuka daraja mwaka 2001, ikazunguka huko chini zaidi ya miaka ishirini, ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji. Mwulize kijana wa kidato cha pili hapa mjini akutajie wachezaji watatu wa mwaka 1990. Atakutajia wa Arsenal.

Hapo sasa tunafika kwenye karatasi ya yule mwashi wa Toronto. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani vilijengwa wakati nchi ina chama kimoja. Kwa sheria, hali hiyo ilikuwapo tangu 1965 mpaka 1992. Mfumo ulipobadilika, viwanja vilibaki mikononi mwa chama, na tangu hapo mjadala haujazimika. Hoja ya upande mmoja ni kwamba chama ndicho kilichojenga. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mwananchi wa wakati ule angekuwa na chama kingine cha kuchangia. Hakuwa nacho. Mwalimu, mvuvi na mkulima wa pamba walipochangia jambo la maendeleo, walichangia wakiwa Watanzania. Chama na nchi vilikuwa chungu kimoja, na hatuwezi leo, baada ya chakula kuiva, kusema chungu kilikuwa cha mmoja. Mafundi wa Toronto walipewa karatasi. Wetu walipewa wimbo wa hamasa.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba chama kimevitelekeza viwanja vyote, na ni haki kusema kuwa katika miji yetu, ambamo kila shamba wazi hupimwa likawa viwanja vya nyumba, kuwa na mwenye sauti nzito kumesaidia eneo la Kirumba kubaki uwanja. Wala sidhani kwamba kukabidhi kwa halmashauri ni dawa ya kila ugonjwa. Nyamagana ni wa Jiji na Kaitaba wa Bukoba ni wa Manispaa, navyo viliwekewa nyasi bandia, jambo jema; lakini diwani naye hupenda kukodisha. Ninachotaka hakihusu rangi ya bendera langoni. Nataka mkataba ulioandikwa. Iundwe bodi ya wadhamini ambamo chama, Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, klabu na shule za sekondari wote wanakaa mezani, na ratiba ya mwaka itangazwe kila Januari. Mchezo uwekwe kwanza, mapumziko ya majani yawekwe pili, na ndipo wakodishaji wagawane siku zilizobaki, wakiweka dhamana ya fedha itakayotengeneza walichoharibu. Mechi za shule ziingie bure. Mwaka 2018 UMISSETA ilipofanyika Mwanza, vijana wa mikoa yote walikuja kwetu. Hawakupaswa kuonekana kama watu wanaoomba hisani.

Wapo wanaoniambia, Mwalimu, achana na mambo ya zamani, dai ukumbi mkubwa wa ndani kama wa Wazungu, wenye paa, viti na taa. Naudai! Wasichana wetu wa netiboli na vijana wa kikapu wanateseka na jua la Februari na mvua za Aprili, na mvua za kwetu hazibishi hodi. Lakini ukumbi huo ukijengwa kesho kwa desturi zilezile, keshokutwa utakuwa ukumbi wa harusi. Netiboli itaambiwa ije Jumanne saa nne asubuhi, wakati wachezaji wako darasani. Anayetaka paa aanze kutuonyesha ratiba ya mahali pasipo na paa.

Wakati tunangoja bodi hiyo, ambayo sina matumaini ya kuiona haraka, kuna kazi isiyohitaji kibali cha chama wala cha serikali. Waliokaa jukwaani wakaiona Pamba ya mwaka 1990 wengi wako hapahapa, Kirumba, Pasiansi, Mabatini na Igoma. Baadhi huuza dagaa Mwaloni. Mwalimu wa historia au wa Kiswahili anaweza kuwatuma wanafunzi wawili wawili, na daftari, wakamwulize mzee nani alifunga, nani aliumia, tiketi ilikuwa shilingi ngapi, mvua ilinyesha au haikunyesha. Madaftari hayo yakikusanywa, tuyapeleke kwa mwenye uwanja, yeyote atakayekuwa, pamoja na barua fupi ya kuomba ukuta mmoja wa kuyabandika. Akikataa ukuta, tutayabandika kwenye shule iliyo karibu na lango.