Presha Ikikaidi Dawa, Figo Zipimwe

Mchumaji majani chai wa Ekerenyo, Nyamira, anayemeza dawa tatu za presha, mojawapo ya kukojoza, na mashine bado inasoma 180 kwa 110, hafai kuongezewa ya nne na kurudishwa nyumbani. Aulizwe kwanza, kwa upole, kama humeza zote kila siku, maana dawa ni pesa na bonasi ya majani haiji kila mwezi. Akisema ndiyo, figo zake zichunguzwe.

Mshipa unaopeleka damu kwenye figo ukiwa mwembamba, figo hupokea damu kidogo na kujibu kana kwamba mwili mzima umepungukiwa. Humwaga kemikali iitwayo renini, mishipa hubana, chumvi huzuiliwa mwilini, presha inapaa. Harry Goldblatt alionyesha kwa mbwa huko Marekani mwaka 1934 kuwa kubana mshipa wa figo hupandisha presha. Kwa wazee chanzo huwa mafuta yaliyoganda mshipani, hasa kwa wavutaji sigara na wenye kisukari. Kwa wanawake vijana, mara nyingi ukuta wa mshipa ndio wenye kasoro.

Dalili zipo. Presha kali inayoanza kabla ya miaka 30 au baada ya 55. Figo moja kuwa ndogo kuliko ya pili kwenye picha. Daktari kuweka stethoskopu juu kidogo ya kitovu na kusikia damu ikivuma. Tunasisitiza hii: kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kupanda sana baada ya mgonjwa kuanzishwa dawa za presha za enalaprili au losartani. Ni dawa nzuri, lakini mishipa ya figo zote mbili ikiwa imebana, zinaweza kuzidhoofisha figo hizo. Damu ipimwe kabla ya kuanza dawa, kisha baada ya wiki moja au mbili.

Si kila mshipa wa kuzibuliwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wazee wengi wenye mafuta mishipani hawakupata nafuu zaidi kwa kuwekewa stenti, kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, kuliko kwa dawa pekee. Binti mwenye kasoro ya ukuta ni kesi nyingine: kupanuliwa mshipa kwa puto kunaweza hata kumwachisha dawa. Kumchelewesha ni kumdhulumu.

Kaunti ya Nyamira ihakikishe kreatinini na potasiamu zinapimwa kila siku ya kliniki ya presha, na rufaa ya kwenda hospitali ya rufaa ya Kisii iandikwe mapema. Nawe msomaji, usiache dawa zako. Beba kijitabu chako cha kliniki, muulize daktari: figo zangu zimepimwa lini?